Nasari za madrasa: zilivyoanza Liwatoni na zinavyoendeshwa

Mwulize mzazi wa Kisauni au Ukunda mtoto wake wa miaka minne asoma wapi, naye huenda akakujibu, "Yuko madrasa." Usipouliza tena hutajua amaanisha nini. Huenda ni chuo cha alasiri, ambako watoto huketi mkekani na vijuzuu vyao mbele ya maalim. Huenda pia ni nasari ya asubuhi, ambako mtoto huyo huyo hupanga vifuu kwa ukubwa, huchora, hujifunza kuhesabu, na kabla ya uji husoma dua ya kula. Makala haya yahusu hiyo ya pili: shule ya chekechea ya kutwa, isiyo ya serikali, inayomilikiwa na watu wa mtaa au kijiji, na inayochanganya masomo ya skuli na ya dini chini ya paa moja.

Ya kwanza ilifunguliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Wengi waijua Liwatoni kwa daraja la kuelea lililokuwa la watu waliokwenda Ras Bofu kwa miguu. Ni haki waijue kwa hili pia, maana lililoanza pale katika chumba cha watoto wadogo lilifika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baada ya miaka ishirini na kitu shule za aina hiyo zilikuwa zimepita 200 katika nchi hizo tatu. Si mambo mengi ya elimu yaliyotoka Pwani ya Kenya yakaenda kufunzwa kwingine. Kwa kawaida sisi ndio hupelekewa.

Kabla ya Liwatoni

Husemwa mara kwa mara kwamba watu wa Pwani walichelewa kusoma. Neno hilo lataka kupimwa. Chuo ni shule ya binafsi ya kutwa iliyotangulia shule zote katika nchi hii. Mtoto alipelekwa kwa maalim, mara nyingi nyumbani kwake au ukumbini mwa msikiti, akaanza na herufi, akaingia irabu, akapanda kijuzuu baada ya kijuzuu hadi akahitimu Kurani nzima, na siku hiyo nyumbani kwao kukawa na shughuli. Wakubwa waliwafunza wadogo. Ada ilikuwa ndogo, na asiyekuwa nayo hakufukuzwa. Ufito ulikuwapo, hilo halifichiki, na wako watu wazima ambao hadi leo wakumbuka sauti yake kuliko sauti ya maalim. Lakini miji yote ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Vanga, ilikuwa na watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla hajafika mmisionari hata mmoja.

Kilichotokea ni kwamba kusoma huko hakukuhesabiwa. Krapf na Rebmann walianza kazi yao Rabai katika miaka ya 1840, na tangu hapo skuli za kizungu kwa sehemu kubwa ziliendeshwa na makanisa. Mzazi Mwislamu aliona wazi: mtoto akiingia na jina la Salim huenda akatoka na jina la Samuel. Serikali ya kikoloni ilifungua skuli ya Waarabu Mombasa mwaka 1912, lakini ile ilikuwa moja tu, na elimu yote wakati huo iligawanywa kwa rangi na kabila: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waarabu, ya Waafrika. Mswahili na Mdigo walibaki wakiulizwa wao ni nani kabla ya kuulizwa wanataka kusoma nini.

Wenyewe Waislamu waliliona tatizo mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, aliandika juu ya kudorora kwa elimu katika magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Hakuwataka watu waache chuo. Aliwataka watafute elimu ya zama zao pamoja na dini yao. Baadaye kikaja chuo cha ufundi cha MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa mchango wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan wa tatu, Mabohora na serikali ya Uingereza. Chuo hicho kilipita katika majina kadhaa, na tangu mwaka 2013 ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

MIOME ilikuwa jambo kubwa. Ila ilipokea vijana, na kijana ni mtoto aliyekwisha kuvuka darasa nyingi. Aliyeanguka mlangoni mwa darasa la kwanza hangefika kwenye karakana za MIOME hata ingejengwa mlangoni pake.

Mlango wenyewe ndio uliokuwa na kizingiti. Skuli nyingi za mjini zilikuwa zikiwapima watoto kabla ya kuwaandikisha. Mtoto aliyetoka nasari alikuwa amezoea kushika penseli, kutaja rangi na kuhesabu hadi ishirini. Mtoto aliyetoka chuoni alikuwa amehifadhi sura nyingi, ana kumbukumbu ya ajabu na adabu ya kukaa na kusikiliza, lakini hakuwahi kuulizwa rangi ya kitu. Akaonekana hajui. Basi mzazi alikuwa na njia mbili, zote mbaya: amtoe chuoni mapema ampeleke nasari, mara nyingi ya kanisa, au amwache amalize chuo kisha aanze skuli akiwa mkubwa kuliko wenzake, ambaye kwa kawaida ndiye huacha shule kwanza. Nasari za kulipia zilikuwapo, lakini karo yake haikuwa ya mvuvi wala ya mkwezi.

Ombi la mwaka 1982

Aga Khan wa nne alizuru Kenya mwaka 1982. Viongozi wa Kiislamu wa Pwani walimweleza kwamba watoto wao ni wachache katika shule za upili na vyuo vikuu, wakaomba msaada. Mtu angetarajia jibu liwe jengo: shule ya upili yenye jina kubwa langoni. Shirika la Aga Khan lilianza kwa kuchunguza badala ya kujenga, na uchunguzi ukarudi na neno ambalo huenda halikuwafurahisha wote. Watoto hawakosekani chuo kikuu kwa sababu ya chuo kikuu. Wakosekana kwa sababu ya mwanzo. Na kama wataka kumfikia mtoto wa Pwani akiwa na miaka mitatu au minne, jengo la kumpata liko tayari, na wazazi wake waliamini: ni madrasa.

Aliyekabidhiwa kazi alikuwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Hapo ndipo penye siri ya mambo yaliyofuata, kwa maoni yangu. Waislamu wengi wa Pwani ni Masunni wa madhehebu ya Shafi, na Aga Khan ni imamu wa Maismailia. Mradi kama huu ungeweza kufa kwa swali moja likiulizwa barazani baada ya sala ya Ijumaa: hawa wataka nini kwa watoto wetu? Bi Swafiya alikuwa mtoto wa hapa, Mwislamu anayejulikana, mwalimu aliyesomesha watu. Alikwenda mwenyewe kwa wazee, maimamu na akina mama. Walipouliza maswali aliwajibu kwa Kiswahili chao, na walipotaka kujua dini itafunzwa vipi, waliambiwa wakae nao wapange. Mtaala wa dini ulipangwa na watu wa hapa, na hakuna madhehebu yaliyoingizwa kwa mlango wa nyuma.

Mtaala wa ng'ambo, vifaa vya pwani

Njia ya ufundishaji iliyochukuliwa ni ya taasisi ya HighScope ya Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani, iliyoanzishwa na David Weikart mwaka 1970. Taasisi hiyo ilitokana na kazi iliyoanza mwaka 1962 katika nasari ya Perry, mjini humo humo, iliyowachukua watoto wa Wamarekani weusi wa familia maskini. Watoto 123 walihusishwa katika utafiti huo, wengine wakipewa nasari na wengine la, na walifuatwa hadi walipokuwa na miaka arobaini. Waliosoma nasari walimaliza shule kwa wingi zaidi na kupata mapato makubwa zaidi ukubwani.

Kiini cha njia hiyo chaweza kuelezwa kwa maneno machache: mtoto hujifunza kwa kutenda. Hapewi ubao aunakili. Huulizwa leo wataka kufanya nini, akafanya, kisha akaulizwa umefanya nini. Kupanga, kutenda, kusimulia. Mwalimu huketi chini pamoja naye, humwuliza maswali yasiyo na jibu moja, na hapigi.

Hilo la mwisho lilikuwa geni kuliko yote. Mzazi aliyelelewa kwa ufito alipochungulia dirishani akaona watoto wanacheza na mwalimu ameketi sakafuni, alirudi nyumbani akisema pale hapasomwi. Ilibidi wazazi waitwe, waonyeshwe kwamba mtoto anayepanga vizibo vitano vitano anahesabu, na anayesuka ukili anazoeza vidole vitakavyoshika kalamu. Wengine walikubali siku hiyo. Wengine walingoja hadi mtoto alipoanza kusoma.

Vifaa ndivyo vilivyoufanya mtaala huu kuwa wa kwetu. Nasari za pesa zilijaza rafu vitu vya plastiki vilivyoletwa kwa meli. Nasari za madrasa ziliangalia chini ya mnazi. Vifuu vikawa vikombe, mizani na ngoma. Makumbi yakawa brashi za kupakia rangi. Simbi na makombe yakawa ya kuhesabia na ya kupangia kwa umbo. Miyaa ikasukwa. Kokwa za maembe, mbegu za ubuyu, vizibo vya soda, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, vipande vya mbao kutoka kwa seremala: vyote vilisafishwa vikawekwa kwenye vikapu, kila kikapu na mahali pake, ili mtoto akitoe mwenyewe na akirudishe mwenyewe. Walimu walitengeneza vitabu vya picha kwa mkono na kutumia hadithi ambazo bibi zao waliwasimulia. Shule maskini iliweza kuwa na vifaa vingi kuliko shule tajiri, na kilipovunjika kifuu hakuna aliyelia.

Asubuhi ilivyo

Shule yenyewe kwa kawaida haina kiwanja kikubwa cha kujivunia. Yaweza kuwa chumba kimoja au viwili ubavuni mwa msikiti, chumba cha madrasa kinachotumiwa na maalim alasiri, au nyumba ndogo iliyojengwa na kijiji kwa matofali ya kuchangishana. Sakafuni kuna mikeka. Viatu hubaki mlangoni, na kuvipanga sawasawa ni somo la kwanza la siku, ingawa hakuna aliyeliandika mahali.

Watoto hufika asubuhi, wengi wakiletwa na mama au dada mkubwa, na hupokewa kwa salamu. Huitikia, hupeana mikono, huketi duara. Husomwa dua na sura fupi, huimbwa, huzungumzwa habari za siku: nani hakuja, nani ana mdogo aliyezaliwa jana, mvua ilinyesha wapi. Kwa mtoto mwoga, dakika hizi ndizo humfungua kinywa.

Kisha huja wakati wa kona. Chumba kimegawanywa kwa vikapu na rafu fupi. Kuna kona ya nyumbani, yenye kibia, mbuzi ya kukunia nazi iliyotolewa jino, leso na upawa. Kuna kona ya vibao vya kujengea, kona ya vitabu, kona ya kuchora na kufinyanga, na nje, ikiwa nafasi ipo, mchanga na maji. Mtoto husema aenda wapi na atafanya nini. Atajenga mtumbwi. Atapika biriani. Mwalimu hupita, huchuchumaa, huuliza: mtumbwi huu wabeba watu wangapi, na wakizidi itakuwaje? Muda ukiisha kila kitu hurudi kikapuni, na watoto huketi tena kusimulia walichofanya. Kuna mtoto ambaye mtumbwi wake kila siku huzama, na kila siku ana sababu mpya.

Baada ya kunawa mikono huliwa uji au kilicholetwa na mama, kwa bismillahi na mkono wa kulia. Hufuata kikundi kidogo, ambapo mwalimu huwafunza watoto wachache wachache jambo alilolipanga: herufi, namba, umbo. Herufi ni za namna mbili, za Kiarabu na za Kiswahili, na watoto hawaoni taabu yoyote katika hilo. Ni wakubwa ndio huuliza kama hawatachanganyikiwa. Kuna kucheza nje, kukimbia, kuruka kamba na nyimbo za kuzunguka. Kuna masomo ya dini kwa vitendo: jinsi ya kutawadha, rakaa, adabu za kusalimu wakubwa, visa vya mitume. Adhuhuri ikikaribia watoto hurudi kwao, na wengi wao alasiri hurudi tena mahali pale pale, safari hii kwa maalim, na msahafu mkononi.

Watoto wasio Waislamu wamo pia. Shule hizi hazikuwafungia mlango majirani, na katika mitaa yenye watu mchanganyiko ni jambo la kawaida kuwakuta.

Nani mwenyewe

Hapa ndipo nasari za madrasa zilipotofautiana na miradi mingi tuliyoizoea, ile ya kibao cha mfadhili getini na jengo lililofungwa baada ya miaka mitano.

Kijiji ndicho kilichoomba. Hakuna kilichokwenda kujengewa shule kikiwa kimelala. Baada ya kuomba kulikuwa na mikutano, tena mingi, hadi watu wakafahamu wanaingia katika nini. Kisha kukatiwa mkataba ulioandikwa: jamii itatoa chumba au kiwanja, itachagua kamati ya shule yenye wanawake ndani yake, itawatafuta akina dada wa pale pale watakaofunzwa ualimu, na itakusanya karo ya kuwalipa. Kituo cha mradi, kilichojulikana kama Madrasa Resource Centre, nacho kitawafunza walimu na kamati na kutuma wakufunzi kutembelea darasa kwa muda wa takriban miaka miwili. Shule ikifikia kiwango ilihitimu, neno lile lile la chuoni, na sherehe ikafanywa. Baada ya hapo ikasimama kwa miguu yake, ikiwa katika jumuiya ya shule zilizohitimu ambazo hukutana na kusaidiana.

Kulikuwa na hazina pia. Shule ziliwekewa fedha za akiba zinazowekezwa kwa pamoja, ili faida yake isaidie kujazia mishahara na matengenezo, na mtaji usiguswe. Wazo ni la waqfu, ambalo kila msikiti wa Mombasa Mji wa Kale walifahamu: mnazi hukatwi, huliwa nazi zake.

Kuchagua walimu wa pale pale kulikuwa na maana nyingine isiyozungumzwa sana. Msichana wa kijijini aliyemaliza shule ya upili na kukosa alama za kuendelea hakuwa na mengi ya kumngoja isipokuwa ndoa. Sasa alipata kazi mita mia mbili kutoka nyumbani kwao, kazi ambayo baba hakuwa na sababu ya kuikataza kwa kuwa iko msikitini, na mafunzo ambayo yaliheshimika. Akina mama walioingia kamati walijifunza kuweka hesabu, kuandika kumbukumbu za mkutano na kumkabili mwenyekiti kwa swali. Nasari ilianzishwa kwa ajili ya watoto, lakini wanawake wengi wa Kwale, Kilifi na Mombasa walipata kwayo cheo cha kwanza cha hadharani maishani mwao.

Je, zilisaidia?

Shule nyingi hujisifu. Hizi zilipimwa. Mtafiti Peter Mwaura, pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliwafuata watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda kwa miaka kadhaa, wakilinganisha waliosoma nasari za madrasa, waliosoma nasari nyingine na waliobaki nyumbani. Majaribio yalikuwa ya mambo kama kujenga kwa vibao, kuelewa maneno, kuanza hesabu na kufananisha picha. Matokeo yalitoka katika miaka ya 2008 na 2011. Watoto wa nasari yoyote walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wa nasari za madrasa waliwapita wa nasari nyingine.

Watafiti walipima pia ubora wa darasa lenyewe: mpangilio wa chumba, vifaa, jinsi mwalimu anavyozungumza na mtoto. Nasari za madrasa zilikuwa juu hapo, na ubora huo ulikwenda pamoja na maendeleo ya watoto. Kwa lugha ya sokoni: mwalimu mwenye mafunzo na kikapu cha vifuu alimshinda mwalimu asiye na mafunzo mwenye ukuta wa tiles.

Pigo tatu

La kwanza lilikuja na baraka. Januari 2003 serikali mpya ilifuta karo katika shule za msingi, na watoto wakafurika madarasani. Nasari haikuwa ndani ya mpango huo. Wazazi wenye kipato kidogo wakajiuliza, na huwezi kuwalaumu, kwa nini walipie mtoto wa miaka mitano ilhali akifika sita atasoma bure. Wengine waliwaweka watoto nyumbani wakingoja. Wengine waliwapeleka darasa la kwanza kabla ya wakati. Katika nasari inayotegemea karo ya watoto arobaini, wakiondoka kumi ni mshahara wa mwalimu mmoja umeondoka.

La pili ni katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliyapa magatuzi elimu ya chekechea, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 kaunti zilianza kujenga madarasa yao na kuajiri walimu. Ni jambo la heri, hasa vijiji vya ndani ambako hapakuwa na nasari ya aina yoyote. Lakini kaunti ilipotafuta walimu wenye mafunzo, ilijua pa kuwapata. Mwalimu aliyefunzwa miaka miwili katika nasari ya madrasa, anayelipwa kinachobaki baada ya wazazi kulipa wanachoweza, akiitwa kazi yenye mshahara wa kila mwezi atabaki kwa sababu gani? Kijiji kikabaki na jengo, mikeka na vikapu, kikaanza kumtafuta msichana mwingine wa kufunza.

Hapa nina maoni yangu. Kaunti zetu za Pwani zimejenga darasa jipya hatua chache kutoka nasari ya jamii iliyokuwapo miaka ishirini, kana kwamba ile haionekani. Ingekuwa rahisi, na kwa watoto bora zaidi, kulipia mwalimu mmoja au wawili katika shule iliyopo, kisha kuitaka ipokee kila mtoto wa mtaa bila karo. Katiba haikusema gatuzi lijenge kuta. Ilisema lishughulikie elimu. Najua hoja ya upande wa pili: pesa ya umma isiingie mahali penye msikiti. Lakini shule nyingi za serikali nchini hadi leo zina makanisa kwa wafadhili wake, majina yako langoni, na walimu wao hulipwa na TSC bila mtu kushtuka.

La tatu lilikuwa la wote. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na watoto wadogo hawakurudi hadi Januari 2021. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara. Mwalimu wa nasari ya karo hakupata kitu kwa miezi tisa, na wapo waliofungua meza ya viazi karai na bhajia wasirudi tena darasani.

Kwa mzazi anayetafuta

Tangu mtaala wa umilisi kuanza, chekechea ni miaka miwili: PP1 kwa mtoto wa miaka minne na PP2 kwa wa mitano. Mtaala huo wa taifa nao unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, apewe vifaa vya mazingira yake na asipewe mitihani ya kumtisha. Walimu wa zamani wa nasari za madrasa waliusoma wakacheka kidogo, maana ndio waliokuwa wakiufanya tangu Liwatoni.

Si kila palipoandikwa madrasa na nasari ni shule ya aina hii. Jina halikusajiliwa na mtu, na zipo nasari zilizochukua jina na kuacha mwendo: watoto sitini chumbani, ubao mmoja na ufito nyuma ya mlango. Nenda asubuhi bila taarifa. Tazama kama watoto wanazungumza au wamenyamazishwa, kama vifaa viko mahali ambapo mtoto atavifikia au vimewekwa juu kabatini visichafuke, na kama mwalimu yuko chini pamoja nao. Uliza mwalimu alifunzwa wapi na kwa muda gani. Uliza kamati ya shule ni akina nani na mara ya mwisho ilisoma hesabu mbele ya wazazi lini. Uliza karo ni kiasi gani na asiyeweza hufanywaje, kwa sababu shule nyingi za namna hii hupokea malipo kidogo kidogo, na zipo zinazowasamehe mayatima.

Na kabla ya yote hayo, shughulikia cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa PP1 huenda akapokewa bila cheti, lakini akifika darasa la kwanza kitaulizwa, na wazazi wengi wa huku kwetu huanza kukitafuta Disemba, wakati foleni ya ofisi ya usajili imekwisha kutoka nje ya lango.